Kitabu cha Punda Kimenikatisha Nyasi Siku ya Sabato

Jumamosi. Manyunyu tangu tutoke kanisani, na mimi bado natetemeka, wala si kwa baridi.

Ngoja nianze na kitabu. Kemunto wangu, wa darasa la kwanza, alipewa kanisani kitabu cha picha. Kuna punda mwenye nyasi tele na kondoo aliyeumia mguu, hawezi kwenda malishoni. Punda anambebea nyasi kwa mdomo, wanakula pamoja, wanakuwa marafiki. Basi, imeisha. Nimemsomea wiki nzima mpaka nimeota punda.

Leo baada ya chakula nilijilaza kidogo. Kuamka, Kemunto hayupo. Kuangalia zizini, hori tupu! Ng'ombe wetu ananitazama tu.

Wasabato wenzangu mnajua: Ijumaa tunakata nyasi ya siku mbili ili Sabato mtu asishike panga. Nyasi yote ya nepia niliyokata jana imekwenda. Majani yalikuwa yamedondoka njia nzima mpaka kwenye ua, kwenye tundu dogo wanalopitia kuku, halafu ng'ambo.

Kwa Mama Nyaboke.

Tangu ng'ombe wake avunje ua na kula mahindi yetu msimu uliopita, hatusalimiani. Kanisani anakaa upande ule, mimi upande huu. Tunaimba wimbo mmoja bila kutazamana. Na tangu juzi nilikuwa nasikia ng'ombe wake akilia. Nikasema moyoni, mwache alie, si alikula yetu?

Nilizunguka hadi lango lake nikiwa nimejaa maneno. Ng'ombe alikuwa anamalizia nepia yangu. Mlango wa nyumba wazi. Ndani, Mama Nyaboke amelala kwenye kochi, mguu umevimba vibaya, na Kemunto ameketi chini karibu naye, ameshika kitabu.

"Huyu ndiye wewe," anamwambia, kidole juu ya kondoo.

Nikachuchumaa kando ya kochi, nikamuuliza Mama Nyaboke kulikoni.

Aliteleza kwenye matope Alhamisi akitoka mtoni. Watoto wake wako Nairobi, simu imeisha chaji. Hajakata nyasi, hajapika cha maana.

"Nyasae, Mungu wangu! Mama Nyaboke, si ungeniita?"

"Nikuite na mdomo gani? Huu uliokutukana?" Akacheka, halafu akakunja uso kwa maumivu.

Nikapiga simu kutafuta gari la kumpeleka hospitali. Lakini akang'ang'ania kochi. "Siondoki. Ng'ombe atalishwa na nani? Na wako pia, mtoto amemmalizia chakula."

"Jua likitua, Sabato ikiisha, nitawakatia wote wawili."

Kemunto akaniangalia, anashangaa kweli. "Mama, kwani punda alingoja jua litue?"

Nilichukua panga. Mimi, shemasi, nimevaa nguo ya kanisani, nikakata nepia ya mpakani kando ya barabara wakati watu wanarudi kutoka ibada ya mchana. Mzee wa kanisa akapita na mwavuli wake. Akatazama panga, akanitazama mimi.

"Sabato njema, Mama Kemunto," akasema polepole.

"Sabato njema, mzee. Mama Nyaboke ameumia mguu, anangoja gari."

Akaenda zake. Sijui kama aliamini. Nikaendelea kukata.

Gari lilipofika Mama Nyaboke aliweka mkono begani kwangu, uzito wake wote, tukatembea hivyo hadi langoni. Msimu mzima hatujakaribiana hivyo. Hospitalini wamesema mguu umevunjika, watamlaza.

Watu waseme watakavyosema kuhusu panga. Kinachonitetemesha ni kingine. Mchana nilimsikia yule ng'ombe, nikainamisha kichwa, nikamwomba Mungu abariki chakula changu, nikala. Nikashiba! Mtoto ambaye hajui kusoma vizuri ndiye aliyeinuka.

Ee Bwana, nimesoma kitabu hicho mara ngapi kwa sauti?

Tundu la ua sitaliziba. Asubuhi nitalipanua, kwa sababu ng'ombe wa Mama Nyaboke atahitaji kukamuliwa, na mimi si kuku.