Tangazo la Asali Nililokuandikia

Baba,

Shikamoo. Nimeiandika hiyo salamu nikasubiri kidogo, mjinga mimi, halafu nikaendelea.

Tupo. Mama bado anafungua duka la asali pale Isevya kila asubuhi, na bado anafuta ndoo kabla ya kufuta meza, ingawa ulimkataza miaka yote. Fundi baiskeli jirani yetu amehamia Nzega kufuata dhahabu, katuachia pampu yake, anasema ataifuata. Nyumbani Chemchem tumebadilisha bati la jikoni, lile lililokuwa likivujia kwenye sufuria. Ndala zako ziko mlangoni. Ya kushoto ndiyo ile uliyoikata mkanda mguu ulipovimba. Mama anafagia kuzizunguka, hazisogezi.

Mimi bado mwalimu wa michezo. "Mwalimu wa kurukaruka," ndivyo ulivyokuwa ukinitambulisha kwa wateja, halafu unaongeza harakaharaka kwamba nina stashahada, wasije wakadhani umesema kweli. Sasa nasoma digrii wakati wa likizo. Ungefurahi sana. Lakini hiyo digrii ndiyo iliyonifikisha kwenye jambo ninalokuandikia, na wiki tatu sasa nalizungukazunguka.

Ni lile tangazo, Baba.

Unaikumbuka siku yenyewe. Nesi wa kliniki alikuwa amekuambia sukari yako imepanda, uache vitu vitamu vyote, na asali ikiwemo. Ukarudi umenuna. Muuza asali asiyeonja atajuaje kama aliyoletewa imechanganywa na maji ya sukari? Ulikuwa unachuja asali ya nyuki wadogo kwa kitambaa, ndoo katikati ya magoti, ukaniambia, "Mwalimu, hebu angalia kwenye hiyo simu yako. Hii ya nyuki wadogo si watu wanasema ni dawa? Sisi wenye sukari tunaruhusiwa?"

Nilikuwa nasubiri maji ya chai yachemke. Nikatafuta. Ukurasa wa kwanza kufunguka ulikuwa na maandishi ya kijani na picha ya mtu aliyevaa koti jeupe. Nikakusomea: asali ya nyuki wadogo haipandishi sukari, watafiti wamethibitisha.

Ukainua uso. "Watafiti gani?"

Nikacheka. Nikasema, "Watafiti, Baba. Ndivyo walivyoandika." Maji yakachemka, nikaenda kutia majani.

Ni hilo tu. Muda wa sufuria moja ya maji. Mwanafunzi akiniambia amekimbia mizunguko minne, namuuliza ni nani alihesabu, na asipokuwa na jibu anarudi uwanjani. Wewe ulitaka kujua nani alipima, nikakucheka.

Kesho yake ukaniomba niiandike. Karatasi ya manila, kalamu ya wino mzito, mwandiko wangu wa ubaoni: ASALI YA NYUKI WADOGO HAIPANDISHI SUKARI. WATAFITI WAMETHIBITISHA. Ukaigongomelea juu ya meza, ukavuka barabara kuisoma ukiwa ng'ambo, ukamwita na fundi baiskeli naye aisome. "Kaandika binti yangu," ukamwambia. Tangu siku hiyo ulilamba kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni, hadharani, kama mtu aliyepewa kibali.

Kidole cha mguu kilipogonga pipa ulisema ni mchubuko. Ukakifunga kitambaa, ukaendelea kuuza. Tulipokufikisha hospitali, daktari aliutazama mguu, akatutazama sisi, akauliza mlikuwa wapi. Hukukaa sana baada ya hapo. Watu walisema ni mipango ya Mungu, nami nikasema hivyohivyo, na naamini. Lakini kuna mengine Mungu hakuyaandika, niliyaandika mimi kwa wino mzito.

Sasa nisikilize. Chuoni nilipewa kazi ya kuandika kuhusu mazoezi kwa watu wenye sukari. Nikaenda maktaba na orodha yangu ya kurasa kumi na mbili, nimezichapisha, nimezibana, najiona msomi. Mkutubi wetu anaitwa Bi Kabula, mama wa Kisukuma anayeongea polepole mpaka unatamani kummalizia sentensi. Akazipitia na kalamu mkononi. "Huyu anauza vidonge. Huyu kamnukuu huyu wa juu. Huyu hata jina hana, mwalimu, utamwuliza nani?" Zikabaki mbili. Kisha akasema, "Usiniambie umesoma wapi. Niambie nani alipima, aliwapima watu wangapi, na kina nani walimkagua kabla hajachapisha."

Alinionyesha majarida ambamo mtu hachapishi mpaka wenzake wa kazi hiyo wamemhoji kwanza. Akanionyesha miongozo ya matibabu wanayoifuata kliniki. Halafu akanipa zoezi: nichague sentensi moja ya afya ninayoiamini, niifuate kinyumenyume, ukurasa kwa ukurasa, mpaka nikutane na aliyepima mwenyewe.

Nikachagua yako. Nilitaka niwapate wale watafiti wako, nije kaburini nikutajie majina yao, nikuambie hawa hapa, Baba, samahani kwa kuchelewa.

Ilinichukua siku mbili. Ukurasa wa mama mmoja wa mapishi ulisema habari umeitoa kwenye ukurasa wa tiba za asili. Ule wa tiba za asili ukasema umeitoa kwenye gazeti fulani la mtandaoni. Gazeti likasema: utafiti uliofanyika Tabora. Nikaona fahari kabisa. Tabora, kwetu hapahapa. Nikabonyeza.

Ilikuwa picha yako.

Una kofia yako ya kufuma, mwiko mkononi, unacheka mpaka pengo linaonekana. Nyuma ya bega lako uko mwandiko wangu, unasomeka wote. Nikamkumbuka yule kijana mgeni kutoka Dar, aliyenunua chupa mbili akakupiga picha, ukanipigia simu palepale kuniambia sasa utaonekana mtandaoni, nikuheshimu. Chini ya picha wameandika kwamba wataalamu wa asali wa Tabora wamethibitisha.

Ule ukurasa wa kijani haufunguki tena. Nilizozipata zote ziliishia kwetu, kwenye meza yetu ya Isevya. Watafiti ni mimi.

Bi Kabula alikuwa amesimama nyuma yangu. Akauliza, "Huyu mzee unamfahamu?" Nikamwambia ni baba yangu, marehemu, na yale maandishi ni yangu. Akavuta kiti akakaa karibu nami. Hakunifundisha kitu tena siku hiyo.

Nikiwa pale nilikumbuka kile kisa chako cha Mgunda Mkali, ulichokuwa ukitusimulia tukichuja asali. Babu wa babu yako, mpagazi, na mzigo wa pembe begani, kwenye pori lile lisilo na maji katika njia ya kwenda pwani. Siku ya pili ya kiu neno likapita kwenye msafara, kila mtu akimwambia wa nyuma yake: maji karibu, maji karibu. Wakakaza mwendo. Jua likazama, maji hakuna. Wakamwuliza kirangozi, yule anayewatangulia, akashangaa, hakuwa amesema lolote. Wakaulizana mtu kwa mtu mpaka wakamfikia aliyelianzisha. Alikuwa babu yetu mwenyewe, katikati ya mstari, akimbembeleza mdogo wake asiketi chini. Ulikuwa ukifika hapo unacheka mpaka unakohoa, na sisi tunacheka nawe. Sikuwahi kukuuliza kama yule mdogo wake alifika.

Kumwambia Mama ndiko kulikonishinda. Yeye alikuwa na faraja moja, kwamba ulifanya kila kitu sawasawa na siku zako zilikuwa zimefika. Nani ampokonye hiyo? Nilienda Ijumaa moja baada ya swala, nikamkuta anachambua maharage. Nikamweleza yote, tangu sufuria ya chai mpaka picha. Aliendelea kuchambua. Nilipomaliza akainuka, akaenda chumbani, akarudi na kadi yako ya kliniki.

Kadi ina mistari, Baba. Tarehe, kipimo, sahihi ya nesi. Inajaa vizuri mpaka ule mwezi wa tangazo. Baada ya hapo ni nyeupe.

Nami kila nilipokupigia simu niliuliza, "Umepima?" Ulinijibu, "Wananiona vizuri tu, Mwalimu."

Mama akasema, "Nilimwambia aende kupima, nilimwambia mpaka nikachoka. Akaniambia, wakinipima wakakuta iko juu, si nitakuwa nimemfanya mwanangu mwongo mbele ya manesi?"

Nilitoka nje. Nikakaa karibu na ndala zako.

Nimekukasirikia, Baba. Acha niseme, maana matangani sikuweza. Nimekukasirikia sana. Ningekuwa mwongo mbele ya manesi wote wa Tabora, ukabaki hai, ingenidhuru nini? Ungekuja ukaniambia, "Mwalimu, watafiti wako hawa vipi?" Ningeona aibu siku mbili, tukacheka ya tatu. Uliilinda heshima yangu kwa mguu wako. Sikukuomba hivyo. Na ninajua kwamba kwa kicheko kile nilikuomba.

Kazi ya chuo niliimaliza. Kuhusu asali, miongozo ya kliniki inasema kilekile alichokuambia nesi siku ya kwanza, bila koti jeupe na bila maandishi ya kijani: hiyo nayo ni sukari, na mgonjwa apime. Unajua ni nini kilichokuwa na ushahidi, tena uliopimwa na watu wengi na kukaguliwa na wengi? Kutembea. Kutembea tu, kila siku, kwa mwendo wa mtu anayewahi jambo. Hicho ndicho nilichosomea, Baba. Nafundisha watoto wa watu kukimbia, na sikuwahi hata siku moja kukuambia, vaa viatu, twende mpaka stesheni turudi. Ungelalamika njia nzima na ungekwenda.

Tangazo nimelishusha. Ukutani pamebaki alama nyeupe ya mraba. Mama aliogopa wateja watakimbia, na kweli wamepungua. Nimeandika jingine, kwa mwandiko uleule ili wasiseme ni mtu mwingine: "Asali yetu ni safi. Kama una sukari, nenda ukapime kwanza, umwulize daktari wako. Tangazo la zamani lilikosea. Niliandika mimi." Nikaweka jina langu.

Wiki iliyopita alikuja mzee mmoja kutoka Igunga, amefuata asali ya nyuki wadogo kwa ajili ya sukari yake. Akasoma, akakasirika. Akasema mbona mwenye duka mwenyewe, yule mzee mcheshi, alikuwa anailamba mbele za watu asubuhi na jioni. Mama ndiye aliyemjibu. "Alikuwa anailamba," akasema. "Tumemzika."

Mzee akakaa kwenye benchi lako. Baadaye akauliza kliniki iko upande gani, nikampeleka kwa miguu. Alilalamika njia nzima.

Wale wenye kurasa nimewaandikia wote. Mmoja aliniomba radhi, akafuta. Mwingine akaniuliza nina ushahidi gani kwamba si kweli, nikacheka mpaka nikalia. Waliobaki wako kimya. Nakuahidi nitawaandikia tena likizo hii na zinazofuata, mpaka nitakapomfikia wa mwisho. Na mtu yeyote akiniuliza jambo la afya yake, mwanafunzi au mteja au Mama, sitamjibu huku nasubiri maji yachemke.

Pumzika, Baba. Mungu akurehemu, nawe unisamehe, na mimi najaribu kukusamehe. Nitakuja Ijumaa kusafisha kaburi. Majina niliyotaka kukuletea sikuyapata, nitakuja na la kwangu.

Jambo la mwisho ni ile picha. Nimeihifadhi kwenye simu, ndiyo pekee unayocheka, nyingine zote umekaza uso kama unapigwa ya kitambulisho. Mama alitaka tuitundike sebuleni, akaniambia nikate ule upande wa tangazo, ibaki sura yako tu. Nimeisafisha, nimeitia fremu, nimeitundika jana.

Sijakata.

Mwanao,
Hadija