Pangaboi la Birikani

Jumatatu, 15 Novemba
Sijamwambia mtu: kila jioni naomba upepo utulie kabisa. Kijiji kizima kinaomba uvume. Pangaboi la upepo ndilo linalovuta maji ya kisima, na lisipozunguka ng'ombe wa Baba hawanywi.
Asubuhi nimeokota tena waliokufa chini ya mnara wa pangaboi. Popo, na mbayuwayu mmoja. Ndiyo kazi niliyopewa tangu nimalize kidato cha nne. Kuokota, kuweka kwenye mfuko, kumsubiri mtaalamu wa wanyamapori kutoka Babati. Popo mmoja alikuwa na mtoto kifuani. Mtoto alikuwa hai. Baadaye hakuwa hai. Nimechoka.

Alhamisi, 18 Novemba
Mtaalamu amekuja. Anasema popo hufuata wadudu upepo ukiwa mdogo, ndipo mapanga huwapiga. Njia ipo: usiku wa upepo mdogo pangaboi lifungwe, upepo ukikaza lifunguliwe. Lakini maji yatapungua, kwa hiyo lazima mkutano wa kijiji ukubali. Baba atakasirika.
Nilitaka kumweleza mtaalamu habari za yule mtoto wa popo. Nikaishia kwenye shikamoo.

Jumamosi, 20 Novemba
Mkutano. Baba alisimama wa kwanza.
"Bwana mdogo, hao popo wako wana ng'ombe wangapi?"
Watu wakacheka. Mtaalamu naye akacheka. "Hawana hata ndama, mzee. Ila wanakula mbu wako."
"Basi washibe mbu. Mimi niachie maji."
Mwenyekiti akasema tuinue mikono: wanaokubali kujaribu mpaka mvua zinyeshe. Nimetimiza miaka kumi na nane, kwa hiyo nahesabiwa. Baba alikaa mbele na wazee. Mimi nyuma, kati ya akina mama. Nikainua.
Waliokubali walizidi. Kidogo tu.

Jumapili, 21 Novemba
Baba hajala. Anasema majirani wamemgeuka. Amewataja mmoja mmoja. Mimi hakuniuliza. Hakudhani kuna la kuniuliza. Hilo nalo limeniuma.

Jumatano, 24 Novemba
Jana usiku upepo ulikuwa mdogo, wakalifunga pangaboi. Leo chini ya mnara sikuokota kitu. Nilizunguka tena, nikidhani sikutazama vizuri.
Birika la kunyweshea ng'ombe lilikuwa nusu. Ng'ombe wakubwa walikunywa, ndama wakakosa. Nimewachotea kwa ndoo kwenye pampu ya mkono ya shuleni, nikaenda na kurudi mpaka wakatosheka. Mabega yanauma.
Baba alinitazama nikimimina. Akasema, "Afadhali wewe unanihurumia."
Nikaendelea kumimina. Habari ya mkono nilioinua ikae humu daftarini. Wewe usimwambie.