Sebene Karibu na Mwisho wa Mbio

Hopkins, Minnesota

Kwako Yaya Bernardine, dada yangu mkubwa,

Pokea salamu zangu, wewe, shemeji na watoto wote. Mgongo wa Mama umepata nafuu? Mimi ni mzima kabisa. Nalisema hili mapema kwa sababu nimesikia kwamba picha yangu nikiwa kwenye machela imeshafika Bukavu, na Mama ameanza kufunga. Tafadhali mpe chakula.

Yaya, nilikuwa mbioni, kilomita ishirini na moja. Mwaka jana niliishia njiani, kwaya yetu hapa ikanicheka hadi Krismasi, nikaapa mwaka huu nitamaliza hata kwa kutambaa. Nshuti, ninayeishi naye, akanishauri nikimbie na muziki masikioni, eti miguu inasahau uchovu. Kweli inasahau. Lakini muziki wake unadunda vilevile mwanzo hadi mwisho, na mimi niliweka rumba yetu. Unaijua: inaanza taratibu, mtu analalamikia mapenzi, nami nikawa natembea kama msindikizaji wa bibi harusi, vikongwe wa Kizungu wakinipita. Sebene ikiingia, ile sehemu ya kucheza, magitaa yakichangamka, nawapita wote. Wimbo mwingine ukianza, wananipita tena. Tulipitana hivyo hadi tukawa tunasalimiana.

Mstari wa mwisho nikawa nauona, watu wanapiga makofi, na hapo hapo ikaingia sebene tamu kuliko zote. Kiuno kilikataa kuendelea. Nikasimama, nikafumba macho, nikacheza. Wahudumu wa afya wakadhani nimeshikwa na kifafa. Kadiri nilivyojieleza, ndivyo walivyonikaza mikanda ya machela.

Akaja nesi mmoja, Rachelle. Alichomoa kile kidude cha muziki sikioni mwangu, akakiweka kwake. Mabega yakaanza kumcheza. Akawaambia wenzake kwamba huyu si mgonjwa, ni Mkongomani, kisha akaniambia kwa Kiswahili cha Uvira niinuke nikamalize mbio zangu.

Sasa Yaya, lifuatalo usilisome kwa sauti mbele ya watu. Nguvu nilikuwa nazo. Nikamwambia bado nina kizunguzungu, anishike mkono apime mapigo tena. Akapima, akapima tena, akijua kabisa ninadanganya, mpaka mbio zikafungwa. Sikumaliza. Kwaya wananicheka upya, wala sijali. Nampenda, na ameshakubali.

Wasalimie majirani wote wanaoniulizia. Na yule ng'ombe wa mahari ambaye Papa amemwandaa kwa ajili ya kina Générose, yule binti mliyenichagulia, mwambie amgeuze, aelekee Uvira.

Mdogo wako,
Murhula