Mabaki ya Kioo

2 Mei

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima. Shangazi naye mzima, ila mguu unamsumbua. Mikono yako imepona?

Shangazi kasema kitengo chenu cha kukata skrini za kompyuta huko kiwandani huenda kikafungwa, urudi nyumbani. Ni kweli? Nimeshaondoa vitabu vyangu kwenye kiti chako. Lakini kwa nini kifungwe, na skrini zenu, zile ndefu kwenda juu, ndizo nzuri za kusomea? Mwalimu anasema inchi kumi na nne ni inchi kumi na nne tu, skrini iwe ndefu au pana.

Mwanao

14 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mikono imepona. Mdomo wa shangazi yako hauna breki, lakini ni kweli.

Mwambie mwalimu inchi hupimwa kona hadi kona. Skrini pana ikilingana inchi na yetu, inakula kioo kidogo kuliko yetu. Tena tunakata bamba kubwa la kioo, kama fundi cherehani na kitambaa. Zile pana zinalijaza. Zetu zinaacha ukingo mrefu wa kutupa. Nimekuchorea hapo chini, na vipimo. Jirani zetu wa kitengo cha pili, wanaokata skrini ndogo za magari, wao oda haziwaishi.

Wakubwa wanaamua mwisho wa mwezi. Mimi nina pa kurudi. Wenzangu wengine hawana. Ada ya shule yako tutajua huko huko. Wewe soma.

Mama yako

20 Mei

Mama,

Shikamoo. Hatujambo.

Nimekata karatasi kwa vipimo vyako. Ukingo mnaoutupa unatosha safu nzima ya skrini za magari, zikilazwa. Mchoro umo humu. Shangazi ameniona nikiutoa kwenye bahasha na kuurudisha, akauliza, "Hiyo barua au mkate, mbona unaichungulia hivyo?" Nikasema nimekosea anwani. Sikukosea.

Mwanao

9 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Mguu wa shangazi je?

Nilimwonyesha msimamizi mchoro wako, akacheka: "Mwanao ana miaka mingapi?" Kisha akaondoka na mchoro, hakurudi hadi jioni. Wamejaribu, bamba likakatika vizuri. Kitengo hakifungwi. Wenzangu sasa wanakuita Fundi.

Ila kazi imeongezeka, likizo zimefutwa. Mwaka huu siji. Na nikuulize: ulipotuma mchoro ule, ulijua kwamba ukifaa sitarudi?

Mama yako

17 Juni

Mama,

Shikamoo. Shangazi anatembea vizuri.

Nilijua. Vitabu nimevirudisha kwenye kiti chako. Ukija nitaviondoa tena.

Mwanao