Bibi Shamba ni Mimi

3 Machi

Mjukuu wangu,

Mimi mzima, ila magoti yanalalamika. Wewe je, unakula?

Chupa ya dawa uliyonitumia nimeipata, na habari kwamba wapulizaji wa ofisi yenu watakuja tarehe kumi na saba. Hawatapuliza. Vidukari nawaona wamejaa chini ya majani ya kunde wakifyonza, macho ninayo. Jua limekaa wiki tatu bila tone, na wao hupenda hivyo. Wanaowala huchelewa, lakini huja. Mwaka juzi baba yako alipuliza, wakafa wote, hata walaji wao. Siku kumi baadaye vidukari wakarudi peke yao, tukakosa hata mbegu.

Hao niliokutumia ndani ya kiberiti ndio walaji wangu. Wape jani lenye vidukari.

Bibi yako

8 Machi

Shikamoo Bibi,

Pole na magoti. Mimi sijambo, nakula.

Bibi, hawa weusi wenye miiba ndio waharibifu wenyewe. Wenzangu wote wamesema hivyo. Ukiwaacha hutavuna. Mimi ndiye bibi shamba wa eneo hilo, naomba unisikilize.

Mjukuu wako

11 Machi

Mjukuu,

Marahaba. Magoti yale yale, na sasa umeniongezea kichwa.

Bibi shamba ni mimi. Wewe una cheti. Niliacha shule darasa la pili, ila sijawahi kumwita mlinzi mwizi kwa ubaya wa sura. Hata wewe ulizaliwa unatisha, hatukukupulizia dawa. Kiberiti usikitupe. Na wapulizaji waambie nitaweka kiti katikati ya kunde. Wakipuliza, wanipulize na mimi.

Bibi yako

16 Machi

Shikamoo Bibi,

Kichwa kimetulia? Mimi mzima, ila nina aibu.

Mmoja alijibandika kwenye pembe ya kiberiti, nikadhani amekufa. Leo asubuhi ngozi imepasuka mgongoni, akatoka mdudu mwekundu mwenye madoa. Ni kibibi, Bibi, yule mla vidukari. Shuleni nilionyeshwa picha ya mkubwa tu, mtoto wake sikuwahi kumwona.

Wapulizaji nimewazuia, na sababu nimeiandika kwa jina langu. Mvua je?

Mjukuu wako

24 Machi

Mjukuu wangu,

Marahaba. Magoti yaliniambia mvua inakuja, ikaja siku mbili. Vidukari wengi waliangushwa matopeni, waliobaki vibibi wanawamaliza. Mistari mitatu ya chini imekufa, sikufichi. Mingine ina maua.

Chupa yako sijaifungua. Njoo uichukue mwenyewe, na umrudishe yule kibibi akiwa hai. Si wako.

Bibi Shamba