Ufunguo Niliomnyima Kaka Hamadi

Jumanne, Tiwi. Mawingu yametanda tangu asubuhi, mvua hainyeshi, joto halipungui. Nami situlii. Chai nimeimimina mara tatu, sijamaliza hata kikombe kimoja.

Natunza seva ya Linux, kompyuta kuu yenye majalada ya wagonjwa, ya kliniki ndogo ya wazazi kule Msambweni, nikiwa hapa nyumbani. Miaka yote tumeingia kwa telnet, programu ya kizamani inayopitisha nywila mtandaoni wazi wazi, mwenye kudukua akaisoma.

Nilijua. Nikanyamaza.

Humo mna siri za watu: nani mimba yake iliharibika, nani anameza dawa za virusi.

Wiki hii ilinibidi nichague programu nyingine. Bi Mwanasha, muuguzi mkuu, aliipenda ile inayoonyesha skrini nzima ya mashine iliyo mbali, kwa kuwa ni rahisi. Lakini hiyo hupitia kwenye mitambo ya watu nisiowajua. Nikachagua SSH. Kila kinachopita hufichwa, na badala ya nywila kila mtu huwa na faili lake la ufunguo.

Kabla ya kuhamia huko, leo nimesoma kumbukumbu za walioingia. Jumapili aliingia Kaka Hamadi. Ndiye aliyenifundisha kazi hii, kisha akahamia hoteli moja Diani. Akaunti yake sikuwahi kuifuta.

Nikampigia. "Shikamoo, kaka." Nikamweleza nilichokiona.

"Marahaba. Nilikuwa naangalia tu kama mashine i salama, mdogo wangu. Hiyo mpya utaniwekea ufunguo wangu, sivyo?"

Nusu yangu ilimwamini.

"Hapana, kaka. Uniwie radhi."

"Haya," akasema, akakata simu.

Nikampigia Bi Mwanasha. Akauliza, "Ameyaona majalada?"

"Sijui, bibi."

"Mwanangu, wale kina mama waliniambia mimi. Hawakumwambia yeye."

Nikaifuta akaunti. Nikaizima telnet. Nikajaribu ufunguo wangu kwenye dirisha la pili la kompyuta, ulipokubali ndipo nikazuia kuingia kwa nywila.

Nilidhani nitapumua. Wapi! Nazunguka chumbani kama niliyepoteza kitu.

Kesho asubuhi nakwenda Msambweni. Tutawaita kina mama tuwaambie, mmoja mmoja. Mmoja wao ni dada yangu, tumbo moja.

Akiniuliza nilijua tangu lini kwamba mlango u wazi, nitamwambia kweli?