Narudi Nyumbani Kwanza

Jumamosi. Jua lipo ila limepofuka. Tangu juzi watu wanachoma nyika, na moshi umeikalia Mpanda kama mgeni asiyejua kuaga. Saa tisa mchana jua lilikuwa jekundu, unalitazama kavukavu na halikufanyi kitu. Hata kuku leo wanatembea kama wanasikiliza.

Naandika haraka kabla giza halijaingia. Leo sitaki kabisa kuandika kwa koroboi.

Wewe daftari unanijua. Mimi siogopi kitu. Niliishia darasa la tano, na si kwa ujinga, ni mwalimu alichoka kuulizwa maswali. Siku hizi naziba pancha kwenye kibanda cha mjomba karibu na stesheni, na kwa maneno hakuna kijana wa hapa anayenifikia hata magotini. Ndiyo maana nikabuni Safari.

Nimeshaandika humu jinsi tunavyoicheza, lakini kurasa zile panya wamekula, kwa hiyo narudia. Ramani nimeichora mwenyewe kwenye karatasi ya mfuko wa saruji: mito, mapori, vijiji vya uongo. Kila mchezaji ana kizibo chake cha soda, na kizibo hicho ni mtu. Anampa jina, anasema mtu wake anafanya nini. Mimi ndiye Mkuu wa Safari. Nasema wanachokiona, nani anawatokea, mto umejaa au haukujaa. Kisha unarusha dadu. Ikija sita, umefaulu. Ikija moja, umekufa, na kizibo chako nakifunika kifudifudi.

Tuko wanne. Salumu, mtoto wa mwenye duka, ambaye mtu wake ni tajiri (angekuwa nani mwingine?) na dadu ni yake, kwa hiyo inabidi tumvumilie. Yusta, mtoto wa mama mkubwa, ulimi kama wembe. Mimi. Na Deusi.

Deusi ndiye aliyeniharibia mchezo.

Walihamia hapa mtaani Ilembo mwaka jana kutoka huko pori la Ugalla, wafuga nyuki hao. Mpole, hagombani, hadanganyi kwenye dadu. Ungedhani ndiye mchezaji bora. Mtu wake kampa jina Paskali. Basi sisi tunapanga msafara, tunakwenda kutafuta ng'ombe wa mfalme walioibwa, kila mtu amepamba moto, ikifika zamu yake anasema, "Paskali anarudi nyumbani kwanza."

Kila zamu. Kila Jumamosi.

"Nyumbani wapi, bwana? Hakupo kwenye ramani!" Salumu anafoka.

Deusi anaweka kidole nje ya karatasi, pale kwenye sakafu tupu. "Hapa," anasema.

Nikasema huyu nitamnyoosha. Nilimtumia simba Paskali. Nikamtumia mamba, chatu, radi. Jumamosi moja nilimuua kwa kuhara, ili angalau watu wacheke. Dadu nayo ikawa upande wangu, moja, moja, moja, kama nimeilisha. Kila nikifunika kizibo chake Deusi ananiangalia na kusema taratibu, "Asante." Halafu Jumamosi ijayo Paskali yuleyule, nyumbani kulekule.

Nilidhani ananikejeli. Mimi ndiye bingwa wa kejeli hapa, nikaona wivu kidogo.

Jumamosi iliyopita nikabadili mbinu. Nikamwambia, haya, nenda. Rusha dadu. Ikaja sita. Mara ya kwanza katika maisha yake.

Nikataka kummaliza kwa njia nyingine. Kwa bibi yangu, mwanamke mwenye kinu akifa, kinu chake kinafunikwa mdomo chini mpaka matanga yaishe. Mtoto ukikuta kinu kimefunikwa huulizi kitu, unakaa chini na kulia. Basi nikasema kwa ile sauti yangu nzito, "Paskali umefika nyumbani. Hakuna mtu. Hakuna moshi. Kinu kimefunikwa."

Nikangoja anyamaze.

Deusi akasimama. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, na alikuwa anacheka. "Nani kakifunika?"

Sikuwa nimepanga jibu. Naapa, daftari, sikuwa nimepanga. Mdomo ukajisemea, "Sijui nani. Juu ya kitako chake kuna donge la nta. Limebonyezwa na kidole gumba."

Hapo Salumu akasema mwana haramu wee, umenitisha. Deusi akaondoka mbio na kizibo chake.

Yusta ndiye aliyenieleza, maana mama yake na mama yake Deusi wanateka maji pamoja. Alinieleza huku akinipiga kofi la kichwa kwa kila sentensi.

Paskali ni kaka yake Deusi. Wa damu. Lori la kuhamisha watu lilipofika kule kwao, Paskali alikuwa porini siku ya nne, anarina asali. Walisema wamngoje, wakaambiwa lori halingoji mtu. Wakashushwa kijiji kipya, njaa ikawatoa huko, wakaja Ilembo kwa shangazi yao. Paskali akirudi atakuta nyumba tupu, na hajui walikoelekea.

Na kinu. Kwao wao, ukitoka ukiwa na nia ya kurudi, unafunika kinu, mvua isiingie. Maana yake kina mwenyewe, ningoje. Ukikiacha wazi, umehama kabisa, au mmekwisha wote. Siku ya lori mama yao alikumbuka kinu akiwa ameshapandishwa juu, amebanwa na mizigo. Hakukifunika. Yusta anasema mpaka leo yule mama hulisema hilo peke yake kisimani, kama mtu anayehesabu.

Ndiyo sababu ya "narudi nyumbani kwanza." Alitaka afike mara moja tu, akakifunike.

Na mimi kila Jumamosi namuulia kaka yake. Na yeye kila nikifunika kizibo anasema asante.

Nilijiona mjinga, jambo ambalo halinitokei mara nyingi.

Alhamisi akaja mrina asali kibandani. Mzee mkavu, madebe mawili nyuma ya baiskeli, pancha mbele na nyuma. Sikumfahamu. Naziba, naye anapiga soga za njiani. Akasema alipita kwenye nyumba zilizohamwa kule Ugalla, majani yamefika kifuani, akanywa maji ya mto akaondoka upesi, maana palimkataa.

"Palikukataa vipi, babu?"

"Nyumba zote zimekufa, mjukuu wangu. Ila moja kinu kimefunikwa. Na juu yake nta. Mbichi."

Mikono yangu ikasahau kazi. Akatia mkono kwenye shanta akanitolea donge lenyewe, rangi ya kahawia, limefungwa kwenye jani. Katikati pana shimo la gumba. Niliweka gumba langu, likapotea humo ndani. La mtu mkubwa kuliko mimi.

"Kaa nalo," akasema, "mimi tangu nilichukue sipati usingizi." Akapanda baiskeli akaenda zake kufuata reli. Sikumuuliza hata jina. Mimi, wa maswali.

Siku mbili nimelala na ile nta kwenye mfuko wa suruali.

Nakiri: nilitaka kuitupa. Nikimpa Deusi atakwenda kule peke yake kwa miguu, na yale mapori simba wake si wa karatasi. Na nikisema, nani ataniamini? Hapa mtaani ukitaka kusema jambo ni uongo unasema ni la Fundi Pancha. Nimelitafuta jina hilo mwenyewe, nimelistahili, nalipenda.

Leo tukakaa kucheza. Ikafika zamu ya Deusi, sote tukajiandaa kusikia wimbo wake. Akaweka kizibo nje ya karatasi, kifudifudi yeye mwenyewe.

"Paskali yupo nyumbani," akasema. "Anangoja."

Salumu akamwambia, "Basi rusha dadu, bwana."

"Hapana. Kesho jina lake linasomwa kanisani. Baba ameshamwandikisha kwenye misa ya marehemu."

Hakuna aliyerusha dadu tena.

Unajua maana yake, daftari? Baba yake hapa Ilembo kila mtu anamwita Baba Paskali. Kuanzia kesho baada ya misa wangeanza kumwita Baba Deusi. Paskali angekuwa amekwisha, hata jina la kumwitia baba lisingekuwa lake.

Nikatoa ile nta nikaiweka juu ya ramani. Nikasimulia yote. Yusta safari hii hakunipiga. Deusi aliinusa, akaweka gumba lake ndani, akalitoa polepole. Akasema, "Twende kwa baba. Useme wewe."

Useme wewe! Mimi, mwongo wa kata nzima, nikamwambie mzee aliyeshavaa msiba kwamba nilibuni kinu, halafu kinu kikatokea.

Tulimkuta uani anasuka kamba za magome. Nikaamkia shikamoo ambayo hata mimi nilikuwa sijui kama ninayo. Nikasema. Hakuinua kichwa.

"Huyo mrina asali yuko wapi?"

"Ameshaenda, baba."

"Anaitwa nani?"

"Sikumuuliza."

Akacheka kwa pua. "Wewe si ndiye mwenye michezo? Kijana, nta ni nta. Hii yaweza kuwa ya sokoni." Kisha akaongeza, "Kinu chetu kilikuwa katikati ya uwanja, mama yake anakumbuka. Jua la mwezi huu, Ugalla, liache donge la nta juu ya kinu? Lingeyeyuka likanywewa na udongo. Ukitunga, tunga vizuri."

Nilikuwa nimeshindwa. Nilishafungua mdomo niseme samahani, baba, tunakwenda.

Nikasikia nasema, "Hakikuwa juani. Kilikuwa chini ya upenu wa ghala, kimeegemea nguzo iliyoungua."

Mrina asali hakuniambia hivyo. Aliniambia kinu na nta, basi. Sijawahi kufika Ugalla. Sijui kama walikuwa na ghala.

Kamba ilimponyoka yule mzee. Akakaa chini, si juu ya kiti, chini. Moshi ulikuwa unapita uani kati yetu, na jua lile jekundu limekaa begani kwake.

"Lori lilikuwa linapiga honi," akasema mwishowe. "Wote mlishapanda. Nikakivuta peke yangu mpaka pale kwenye nguzo, nikasema nikifunike. Wakaniita. Nikakiacha hivyo hivyo, wazi. Sikumwambia mtu yeyote. Hata mama yenu, kila siku analia na kinu cha uwanjani, sikumwambia."

Kisha akaniuliza, taratibu, kwa heshima ambayo sikuitaka, "Wewe, ni nani aliyekwambia?"

"Mdomo tu, baba," nikasema. Andika hilo, daftari.

Akasimama, akavaa shati la kanisani, akaenda kwa padri jina likafutwe. Jumatatu anakwenda Ugalla yeye na Deusi. Nimempa baiskeli ya mjomba. Mjomba hajui bado, hilo ni la kesho, nitatafuta uongo wa kawaida.

Deusi alinisindikiza hadi njia panda. Akanipa kizibo chake, kifudifudi kiganjani. "Kaa nacho mpaka turudi. Usikigeuze."

"Nikikigeuza?"

"We usikigeuze tu, kaka."

Akirudi na Paskali, nitamwacha ashinde mchezo mwaka mzima. Akirudi bila yeye, sijui nitamtazamaje baba yule, maana jina lilifutwa kwa mdomo wangu. Ningekuwa mwongo wa kawaida nisingekuwa na wasiwasi. Uongo naujua, unatoka kichwani. Kile cha leo hakikutoka kichwani. Kilipita tu.

Nilipofika nyumbani nilizunguka nyuma ya jiko. Kinu cha mama kimesimama wazi kama siku zote, na makapi ya mahindi ndani. Nikakifunika, akina Deusi wapate kungojewa. Nikakumbuka kwa bibi maana yake nini, mama bado yuko sokoni hajarudi, nikakigeuza tena mdomo juu. Nikakumbuka kwa akina Deusi maana yake nini.

Nimekilaza ubavu.

Mama amerudi sasa hivi, namsikia huko nje anauliza ni mpumbavu gani kalaza kinu kama mlevi. Sijamjibu. Namsikiliza tu anavyogomba, na leo ningependa asinyamaze upesi.